Ameniuliza kama yatima ni aina ya ndovu

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Nasoma majibu yako kila wiki, na leo zamu yangu imefika. Naishi Nairobi na mume wangu na watoto wawili. Mdogo ni binti yangu wa kumzaa, ana miaka mitatu. Mkubwa ni wa marehemu dada yangu, ana miaka mitano na nusu. Dada alifariki mwezi wa Machi mwaka jana baada ya kuugua miezi michache. Baba ya mtoto hatujamwona tangu kabla hajazaliwa, kwa hiyo nyumbani tulikubaliana mimi ndiye nimchukue.

Siku ya mazishi mtoto aliachwa kwa jirani mjini Voi. Wazee walisema ni mdogo mno, asione kaburi likifukiwa. Alipouliza mama yuko wapi, tukamwambia amesafiri. Sijui nani alianza kulisema, lakini sote tulilishika, na sasa ni mwaka na zaidi. Mwanzoni aliuliza kila siku. Siku hizi haulizi. Ananiita mama, tena bila kufundishwa na mtu.

Sasa shida yangu. Mume wangu ameshalipia twende sote, Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, tukawaone wale ndovu wadogo wanaolelewa na shirika la Sheldrick ndani ya Mbuga ya Nairobi. Watoto wengi wa darasa lake wameshafika huko na yeye amekuwa akiimba ndovu asubuhi na jioni. Nilifurahi pia, hadi mwenzangu wa kazini aliponieleza kwamba walezi huchukua kipaza sauti wakasimulia habari ya kila ndovu: huyu mama yake aliuawa na majangili, huyu wa kwake alikufa kwa kiangazi, huyu alitumbukia kisimani kundi likamwacha. Nikaishiwa nguvu.

Jioni ile ile tulikuwa tunatazama runinga, mtangazaji akasema "ndovu yatima". Mtoto akanigeukia. "Mama, yatima ni aina ya ndovu?" Kabla sijajibu akaongeza kwamba mama mmoja wa hapa plotini alisema na yeye ni yatima. Mwalimu, nilisema chungu kinaungua nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na chungu motoni.

Mama yangu yuko Sagalla, karibu na Voi. Nilipompigia simu kumweleza safari alikasirika. Msimu uliopita ndovu waliingia shambani kwake usiku, na kufikia asubuhi hakukuwa na mahindi ya kuvuna. "Wewe unalipa pesa kuwatazama wanaokula chakula changu?" Akakata simu. Mume wangu naye anasema nakuza jambo, hao ni wanyama, na mtoto ni mtoto, atafurahi kisha asahau. Na huyu mdogo huogopa hata mbwa wa jirani akibweka, sijui mbele ya ndovu itakuwaje.

Je, nifute safari? Au twende, habari zile zikianza nimpeleke pembeni asisikie?

Mama mdogo, Nairobi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale jikoni pamoja nawe.

Usifute safari. Lakini msiende kabla mtoto hajaambiwa kwamba mama yake alikufa. Aambiwe na nyinyi, nyumbani, mapema, apate siku za kuuliza na kulia kabla ya kusimama mbele ya mnyama yeyote.

Mwenzako wa kazini hakukudanganya. Wageni wa kawaida hupewa saa moja tu kwa siku, saa tano asubuhi hadi saa sita mchana. Ndovu huletwa kwa makundi mawili, wadogo kabisa kwanza, kisha wakubwa wao, wakija mbio kufuata chupa za maziwa. Wakishanyonya hujigaragaza kwenye tope, na mlezi hutaja jina la kila mmoja, umri wake, alikookotwa na kilichompata mama yake. Hawafichi, wala sidhani wafiche. Ndama wa chini ya miaka miwili hawezi kuishi bila maziwa, kwa hiyo nyuma ya kila ndovu mchanga aliye pale kuna mama aliyepotea. Katika kiangazi cha mwaka 2022, kuanzia Februari hadi Oktoba, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini. Neno yatima utalisikia mara nyingi sana ndani ya saa hiyo moja. Utamtoa pembeni mara ngapi? Na ukimtoa, yeye ataona tu kwamba kuna neno linalomtisha mama, na neno lenyewe ndilo alilosikia akiitwa.

Unasema haulizi tena. Nilifundisha chekechea miaka 29, na mtoto aliyefiwa akaacha kuuliza alinitia wasiwasi kuliko yule aliyenichosha kwa maswali. Mtoto wa umri huo akiambiwa mama amesafiri, hujiuliza kwa nini hakumuaga, kwa nini hapigi simu, kwa nini hakumbeba. Asipopata jibu hujitungia lake, na mara nyingi jibu hilo ni kwamba yeye ndiye aliyemkosea. Wako bado anauliza. Ameona maswali ya moja kwa moja yanawaumiza, akapitia kwa ndovu.

Siwalaumu kwa lile neno. Mlikuwa mmefiwa, mkashika lililokuwa karibu. Ila sasa liondoeni, na mliondoe kwa maneno mepesi. Kaa naye chini, mchana, mahali ambapo hakuna runinga. Mwambie: "Tulikuambia mama amesafiri. Tulikosea, hakusafiri. Mama aliugua sana, madaktari walijaribu, akafa. Mtu akifa mwili wake huacha kufanya kazi. Hapumui, hali, haumwi tena, na hawezi kurudi. Si kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya." Halafu nyamaza. Usiseme amelala, maana utamfanya aogope kulala. Imani yenu mwelezeni kama mnavyoamini nyumbani, lakini msimwambie kwamba Mungu alimpenda mama ndiyo maana akamchukua. Nimemwona mtoto aliyeanza kumwogopa Mungu kwa sababu ya maneno hayo. Anaweza kulia. Anaweza pia kuuliza kama kuna chai, akaenda kucheza, kisha kesho akauliza upya kana kwamba hujamwambia kitu. Mjibu upya, kwa maneno yale yale.

Atauliza na wewe utakufa lini. Mwambie unatarajia kuishi hadi awe mtu mzima, na mtajie nani atakuwa naye ikiwa wewe hupo. Mtaje kwa jina. Watoto wanataka kujua hilo kuliko tunavyodhani.

Na yatima mfafanulie waziwazi. Si aina ya ndovu. Ni neno linalosema jambo lililompata mtu au mnyama, kwamba alifiwa na mzazi. Halisemi yeye ni nani. Yule mama wa plotini zungumza naye kando, kwa adabu, umwombe amwite mtoto kwa jina lake.

Nakuja kwa mama yako, maana nadhani watu wamemsikia vibaya. Kwanza, mahindi ni ya kweli. Anayeishi Sagalla akiamka hajui jioni atakula nini kwa sababu ya ndovu ana haki ya kukasirika, na mtoto wako anapaswa kuijua hasira hiyo pia. Mweleze kwamba ndovu ni mnyama mkubwa anayetafuta chakula, na bibi ni mtu anayetafuta chakula, na wamekutana kwenye shamba moja. Huko huko Sagalla kuna wakulima waliozungusha mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya; ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka, maana huwaogopa sana. Mtoto wa miaka mitano atalipenda jambo hilo kama mwujiza, na ni la nyumbani kwao.

Pili, mwanangu, huyo mama alimzika binti yake. Sasa anasikia kwamba mjukuu anapelekwa kutazama viumbe waliofiwa na mama zao. Huenda amekasirikia mahindi kwa sababu mahindi yanasemeka kwenye simu. Usimpigie tena. Nenda.

Likizo ya Agosti ikianza, pandeni treni hadi Voi. Chagueni ile inayosimama stesheni za njiani, ya mchana, na mtoto akae dirishani. Reli inapita Tsavo, na mara nyingi ndovu huonekana kutoka ndani ya behewa, wekundu kwa udongo wa kule, majike mbele na watoto katikati. Sikuahidi kwamba mtawaona. Mkiwaona, ndovu wake wa kwanza watakuwa wa porini, wakiwa na familia zao. Mkifika Sagalla, wewe na bibi yake mwambieni pamoja, kisha mpelekeni kaburini. Hakuzika. Mpeni nafasi ya kuweka ua au jiwe, au asiweke kitu. Mkishamaliza hayo zungumzeni habari za Nairobi, na pengine bibi mwenyewe atauliza siku yenyewe ni lini.

Mume wako anasema atasahau. Mwambie kwa upole kwamba hatasahau, na kwamba si vibaya asisahau. Alikuwa na nia njema kulipia, na siku yenyewe utamhitaji sana kwa yule mdogo, kwa hiyo msikosane juu ya hili.

Siku yenyewe, basi. Lango mnaloingilia ni lile la Barabara ya Magadi, linaloitwa Mazembe. Wengi hupotelea lango kuu la Barabara ya Lang'ata, wakafika dakika kumi kabla ya saa sita. Fikeni mapema. Mtasimama nyuma ya kamba saa nzima, na jua la saa sita halina huruma, hata hao ndovu wachanga walezi huwafunika kwa mwavuli, maana porini wangekuwa chini ya tumbo la mama. Kofia, maji, na nguo ambazo hutazililia, kwa sababu udongo mwekundu ukirushwa na mkonga hautoki kirahisi. Mpitisheni kila mtoto chooni kabla. Msibebe chakula mkononi. Ngiri huzurura hapo kama wenyeji. Na kugusa, msimguse ndovu yeyote mpaka mlezi aseme.

Huyo mdogo asisimame mbele. Nilipeleka darasa zima mwaka mmoja, na ndovu walipotimua mbio kuelekea chupa, mtoto wangu mmoja alijilaza chini akapiga kelele hadi akapoteza sauti. Kosa lilikuwa langu, nilimweka kwenye kamba kwa kuwa alikuwa mfupi nikidhani namfadhili. Baba yake ambebe ubavuni, hatua kadhaa nyuma, asogee mwenyewe akitaka. Akikataa kabisa, watembee kando wawaangalie ngiri, na iwe sawa. Usimwambie "ona kaka yako haogopi". Na msiunganishe siku hiyo na kituo cha twiga cha Lang'ata hata kama watu watasema ni karibu. Ulimi wa twiga una urefu wa sentimita 45 hivi, na mtoto aliyekwisha kuogopa mara moja asubuhi hana haja ya kulambwa mchana. Mpelekeni siku nyingine.

Kwa mkubwa nina ombi moja tu, na nalisisitiza. Usimfananishe. Wengi wetu tukiwa pale mdomo unatuwasha tuseme "unaona, hata huyu hana mama kama wewe, na anacheza". Funga mdomo. Kama atajiona katika ndama yule, ajione mwenyewe, kwa wakati wake. Darasani kwangu kulikuwa na msichana aliyefiwa na mama miezi michache kabla ya ziara. Nilimkodolea macho habari za majangili ziliposomwa, nikisubiri alie. Hakulia. Alivuta sketi yangu akauliza: "Blanketi likianguka usiku nani anamfunika?" Nikamwambia amuulize mlezi. Mlezi akamjibu kwamba hulala humo humo, kitanda chake kiko juu kidogo, na kila saa tatu huamka kumpa maziwa, usiku kucha, na ndovu mwenyewe humvutia blanketi kwa mkonga akichelewa. Msichana akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza hesabu. Wako huenda akauliza jambo la namna hiyo ambalo wewe hukulitarajia. Mwache aulize, na ukiweza mwache ajibiwe na mlezi.

Kuna habari moja ya mahali pale ningependa uijue wewe, si yeye. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1977 baada ya mumewe David kufariki, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ambayo tumbo la ndovu mchanga lingeyakubali, hadi mafuta ya nazi yakamsaidia. Mmoja wa waliopona kwanza kwa maziwa hayo aliitwa Aisha. Daphne alimlea mwenyewe kwa miezi, kisha akalazimika kuondoka siku chache kwa harusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana, ndovu mmoja hulala na huyu leo na yule kesho, ili moyo wake usining'inie kwa mtu mmoja.

Mtoto wa binadamu si ndovu. Anahitaji mtu wake wa kila usiku, na mtu huyo ni wewe. Lakini katika barua yako nzima sijaona usiku hata mmoja ambao mtu mwingine anamlaza. Mume wako amlaze mara mbili kwa wiki. Bibi azungumze naye kwa simu, wawili tu, bila wewe kusikiliza. Wewe umefiwa na dada, na mwaka mzima umekuwa ukilinda siri ya kifo chake ndani ya nyumba yako. Umelia lini?

Kuhusu kukuita mama, mwache. Ila mweleze kwamba ana mama aliyemzaa, na wewe ni mama mdogo, na kwamba ukiitikia jina hilo humwondoi yule. Kama unatafuta hadithi ya usiku, iko ya kweli, ya pwani yetu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga alikwama peke yake baharini karibu na Malindi. Watu wakamvuta, wakamwita Owen, wakampeleka hifadhi ya wanyama ya Haller Park, Mombasa. Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa mwenye miaka kama 130 aitwaye Mzee. Kobe alikoroma akaondoka. Kiboko akamfuata. Akaondoka tena, akafuatwa tena, hadi wakawa wanakula na kulala pamoja. Kobe mwenyewe dume, na hakuna siku aligeuka kiboko.

Mtu akikushauri mmlipie ndovu mmoja awe "wake", mtumiwe habari zake, subiri kwanza. Ni mpango mzuri na unasaidia kununua maziwa. Lakini si ndama wote wanaopona, na sitaki mtoto wako apokee habari za kifo kingine mwaka huu. Mwakani, labda.

Akiuliza watakaa pale hadi lini, mwambie hawakai. Wakikua hupelekwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, polepole, hadi wajiunge na ndovu wa porini. Baadhi huenda Voi, upande wa kwa bibi. Na huko Ithumba, ndani ya Tsavo Mashariki, mwaka 2011, majike wawili waliolelewa Nairobi kwa chupa, Yatta na Mulika, walizaa. Watoto wao waliitwa Yetu na Mwende, na Mwende kwa Kikamba ni mpendwa. Mama zao waliwaleta hadi kwa walezi, wakawaonyesha. Habari hiyo usiitoe haraka kumnyamazisha akiwa na huzuni. Iweke hadi aulize.

Mkirudi, niandikie aliuliza nini njiani.

Mwalimu